Nani Kakuosha Mgongo?

Jumamosi ile Velten Schorr alirudi kutoka mgodini na mgongo mweusi, na mkewe Kätt akajua hapo hapo kwamba mumewe ametengwa.

Hakuhitaji kuambiwa. Kwetu Hirzenthal mchimba makaa hajioshi mgongo mwenyewe, maana mkono wa nani unafika huko? Zamu ikiisha wanaume huingia bafu kubwa la mgodi, nguo zao safi zikining'inia juu darini kwenye minyororo, na kila mmoja ana mwenzake wa mgongo. Nisugue nikusugue, kisha mtu anavaa na kwenda nyumbani akiwa binadamu. Watu wetu hugombana kwa ajili ya kuku, kwa ajili ya ua wa bustani, hata kwa ajili ya nani alikaa kiti cha nani kanisani. Lakini mgongo huoshwa. Baba yake Velten hakusemezana na ndugu yake mpaka walipozikwa, na bado walioshana migongo kila siku ya kazi.

"Geuka," alisema Kätt.

"Kuna nini tena?"

"Geuka nikuone."

Velten akageuka kwa uvivu. Shati lake jeupe la Jumamosi lilikuwa na doa kubwa kutoka mabegani hadi kiunoni. Kätt akalipandisha, akatazama, akalishusha.

"Mwenzako Ottmar anaumwa?"

"Haumwi."

"Sasa?"

"Amenirudishia brashi yangu. Kasema, mwambie shemeji yako akuoshe."

Wote wawili wakamwangalia huyo shemeji. Ewald Brill, mdogo wake Kätt, alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na jiko, mweusi kuanzia nywele hadi viatu, ameuzungushia mkono mkate wake kana kwamba kuna mtu atauchukua. Alikuwa ametoka upande wa pili wa mpaka, Ujerumani kwenyewe, wakati wa kuvuna viazi. Manazi walikuwa wamemfunga kwenye kambi moja ya kaskazini, penye mabwawa, kwa kuwa alikuwa mtu wa chama cha wafanyakazi na hakujua kunyamaza. Walipomwachia alikuwa amejifunza. Velten alimwombea kazi mgodini, akapata, na tangu siku ya kwanza hakuingia bafuni hata mara moja. Alirudi na uchafu wake, akajifungia kwenye kibanda cha mbuzi na ndoo ya maji, akaosha pale mikono ilipofika. Alidai anaona haya kwa vile amekonda.

Mgongo haukufikiwa kamwe. Kätt alijua hilo kwa sababu shuka alizifua yeye, na kila Jumatatu kwenye kamba za nguo majirani walimcheka. "Kätt, siku hizi unafua makaa?" Naye alicheka nao, kisha akaingia ndani akalia kwa hasira.

"Samahani, shemeji," alisema Ewald bila kuinua macho. "Nitatafuta pa kulala kwingine."

"Kula mkate wako," Velten akamjibu. Hakusema kwa upole. Alikuwa amechoka, na mgongo ulimwasha.

Ubaya wenyewe ulianzia kwenye kura. Tangu vita vile vikubwa, bonde letu la Saar halikuwa la Wajerumani wala la Wafaransa. Tuliwekwa chini ya mabwana wa Geneva, wale wa Shirika la Mataifa, makaa yakachukuliwa na Wafaransa, na tukaambiwa tungoje miaka ikipita ndipo tuulizwe tunataka nini. Sasa mwezi wa Januari tungeulizwa: kurudi Ujerumani, kwenda Ufaransa, au kubaki kama tulivyo. Mtu yeyote mwenye akili alijua wengi wanataka kurudi. Ni kwao, ni lugha yao, na Wafaransa walikuwa wametukera vya kutosha. Ila huko Ujerumani sasa alikuwa ameketi yule bwana wa Berlin, mkubwa wa Manazi, na magazeti mawili matatu ya Saarbrücken yalikuwa yakiandika habari za makambi yake. Watu wanapigwa, yaliandika. Watu wanakufa. Wengi walisema ni uzushi wa kulipwa. Wachache, akiwemo Velten, walisema lisemwalo lipo, na walisema kwa sauti ya chini.

Bwana mmoja wa gazeti, Lindau, mwalimu aliyekimbia kutoka Köln na koti moja tu, alikuwa amekuja mara mbili kumwomba Ewald aeleze aliyoyaona. Alikunywa kahawa ya shayiri jikoni, akabembeleza. Ewald alimpa jibu lile lile mara zote mbili. "Mke wangu yuko Trier," alisema. Mwalimu akavaa koti lake, akaondoka.

Huko Trier, ng'ambo ya mpaka, Hedwig alikuwa na mtoto wao Trudel, na kila Jumatatu ilimbidi ajionyeshe polisi. Ewald hakuwaza jambo jingine. Ukimwuliza kama ataongeza supu, ungeona kabisa anarudi kutoka Trier ndipo akujibu.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Ottmar Dörr akabisha hodi. Alikuwa amevaa suti na beji ya Umoja, yaani wale wa kurudi Ujerumani, ambao yeye ndiye aliwasimamia mtaani kwetu. Mkononi alikuwa na soseji nzima ya mviringo imefungwa kwenye karatasi.

Msimchukie Ottmar haraka. Dari la mgodi lilipomwangukia Velten mwaka ule wa barafu, ni Ottmar aliyemchimbua kwa mikono, akapoteza kucha mbili. Kätt alimkaribisha kiti kabla hajakumbuka kwamba amemkasirikia.

"Nimekuja kwa wema," Ottmar alisema, akaiweka soseji mezani. "Jana nilipitiliza, Velten. Hasira."

"Mgongo wangu umekusikia," Velten akasema.

"Basi yaishe. Nina neno na Ewald." Akavuta kiti karibu. "Ewald, magazeti haya yanatuchafua. Bibi vizee wananiuliza, eti ni kweli huko watu wanachapwa kama punda? Mimi niwajibu nini? Sijafika huko. Lakini wewe umefika. Jumapili ijayo tuna mkutano ukumbini kwa mjane Thiel. Simama useme ulivyokaa. Aisifuye mvua imemnyea."

"Na kama mvua yenyewe ilikuwa mbaya?" Velten akauliza.

"Sikukuuliza wewe. Ewald, ilikuwa mbaya?"

Ewald alitazama soseji. "Tulichimba mifereji," alisema.

"Si unaona! Kazi! Hata sisi tunachimba, nani anatuandika gazetini?" Ottmar akacheka, akampiga Ewald begani. Ewald akaruka kutoka benchini, akasimama wima, mikono imebana mapajani. Hakuna aliyecheka tena. Ottmar akakohoa.

"Keti, bwana, keti. Sikiliza. Ninao watu wangu Trier, watu wazito. Wewe sema maneno mawili, nilikula vizuri, nilitendewa haki, basi. Jumatano itakayofuata mimi mwenyewe napanda gari moshi, nakuletea mkeo na mtoto mpaka mlangoni hapo. Naapa kwa Mtakatifu Barbara."

Kätt akaweka mkono mdomoni. Mchimba makaa haapi ovyo kwa Barbara, maana huyo ndiye anayemshikia dari.

"Na nisiposema?" Ewald aliuliza.

"Usiposema, mimi sina safari ya Trier." Ottmar akainuka, akachukua kofia. Mlangoni akaongeza, tena kwa huruma ya kweli, "Maneno mawili tu, ndugu yangu. Maneno hayana uzito."

Jioni ile viazi vya kuoka viliungua chunguni, na hakuna aliyelalamika.

"Ukisimama pale," Velten alianza, "watu watapiga kura kwa maneno yako. Wale waliokufunga watakuja huku. Watakuja mpaka jikoni hapa, shemeji. Utakuwa umewafungulia mlango mwenyewe."

"Mlango watafunguliwa na wenzako mia kwa mia," Kätt alimkatiza. "Ewald asiposema ndiyo watabaki huko? Acha kujidanganya. Wewe mkeo yuko hapa anakusugulia chungu. Mke wa mwenzako yuko mikononi mwa polisi."

"Ni uongo, Kätt!"

"Ndiyo, uongo! Kwani mimi nimeuita nini? Wewe hukumwambia padri kwamba ulikuwa unaumwa, nawe ulikuwa kwenye mchezo wa karata?"

"Karata na hili ni mamoja?"

"Kwa mtoto wa miaka mitano anayemtaka baba yake, ni mamoja."

Ewald aliwaacha wagombane kama anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema, polepole, "Wale walinitisha nisiseme. Bwana Lindau ananiomba niseme. Ottmar anataka niseme kinyume. Dada, mimi nimechoka na kinywa changu. Namtaka Hedwig. Mwambieni Ottmar nitasimama."

Velten akasukuma sahani, akatoka nje kumtazama mbuzi, ambaye alikuwa hana shida yoyote.

Habari zilienea, na wiki ile Kätt alishangaa jinsi dunia ilivyobadilika. Kwenye kamba za nguo walimwachia nafasi penye upepo. Mwuza mkate akamchagulia wa moto. Mgodini wanaume waliompita Ewald kama nguzo sasa walimsalimu salamu ya wachimbaji, "Upande salama!", naye akaitikia, na Ottmar akarudi kumsugua Velten mgongo kwa nguvu ya mtu anayelipa deni. Velten alimsugua pia. Hawakuzungumza.

Jumamosi zamu ilipoisha, Ewald alirudisha taa yake dirishani, akajifunika koti, akaelekea mlango wa nje, mweusi kama kawaida. Ottmar akamwona kutoka kwenye mvuke.

"Aa-aa! Unakwenda wapi?" Akamdaka mkono. Alikuwa uchi kama alivyozaliwa, na furaha imemjaa. "Leo hutoki hapa na uchafu. Kesho unasimama mbele ya watu, unataka waseme Ottmar katuletea bomba la moshi? Njoo. Nakuosha mimi mwenyewe."

"Hapana, asante. Nitaoga nyumbani."

"Kwenye banda la mbuzi?" Wanaume wakacheka. Walikuwa wengi, zamu nzima. "Ewald, ukikataa mkono wangu mbele ya watu hawa, unanitukana. Au bado si wetu?"

Velten akasema kutoka upande wa pili, "Mwache, Ottmar."

"Wewe nyamaza, wako nimeshauosha."

Ewald alitazama mlango, kisha akatazama nyuso zile. Mimi naamini aliwaza Jumatano. Akakubali kuvuliwa koti. Shati alilivua mwenyewe, akaupa ukuta uso, akaegemeza viganja kwenye vigae.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Mgongo ulikuwa mweusi, mweusi wa miezi, vumbi juu ya vumbi. "Mama wee," Ottmar alisema, "humu kuna makaa ya kupashia kanisa moto!" Wakacheka tena. Akapaka sabuni, akasugua, povu likageuka tope, akamwaga maji. Akapaka tena. Ni mara ya pili mgongo ulipoanza kutokea.

Ilikuwa mistari. Ilianzia shingoni na kushuka hadi ndani ya suruali, imekatizana, na mahali pamoja chini ya mbavu nyama ilikuwa imezama, dole gumba lingelala humo. Na mistari yote ilikuwa ya buluu. Sasa hapo hakuna mchimba makaa aliyehitaji kufafanuliwa. Jeraha likiwa wazi likaingia vumbi la makaa, likipona hubaki buluu mpaka kaburini, na kila mwanaume pale alikuwa na lake, mkononi au usoni. Mgongo huu uliingia mgodini ukiwa bado wazi. Mtu huyu alilala chali kwenye mwamba na kuchimba, wakiwa naye, na hakuguna.

Kicheko kilikatika.

Brashi ya Ottmar ilisimama. Lakini mgongo haukatishwi katikati, hiyo ni aibu kuliko kukataa kuuosha. Akaiweka brashi chini, akachukua kitambaa, akaendelea kwa kitambaa, polepole, kwenye mabega, kwenye mbavu, pale penye shimo. Akausuuza mara mbili. Akampa Ewald taulo lake mwenyewe.

Mzee Matz Klein, aliyekuwa karibu na mlango, akasema bila kumtazama mtu, "Jiwe hilo. Dari lilimwangukia."

"Ndiyo," mmoja akadakia upesi. "Jiwe."

"Mawe hayana huruma," akasema mwingine.

Ewald akavaa shati. "Ndiyo, jiwe," alisema, maana walikuwa wakimwomba.

Njiani Velten alikuwa analia na hakujificha. "Kwa nini hukutuambia?"

"Ungefanya nini, shemeji?"

Kätt alipoambiwa aliketi kwenye ngazi na ndoo mikononi, akakumbuka shuka zote alizozilalamikia. Hakumwomba mdogo wake amwonyeshe, wala yeye hakujitolea.

Ukumbi wa mjane Thiel ulijaa hadi dirishani. Mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa, aliketi Ottmar na bwana mmoja kutoka mjini aliyekataa kuvua glavu zake. Zamu nzima ya Jumamosi ilikuwepo na wake zao. Kätt na Velten walibanwa kwenye benchi la tatu. Velten alikuwa amekalia mikono yake.

Ottmar alimwita Ewald. Uso wake ulikuwa umevimba kama mtu aliyeugua, na karatasi ya maswali aliishika karibu sana.

"Ewald Brill, ulikuwa kambini upande ule?"

"Nilikuwa."

"Ulipata chakula?"

"Nilipata."

"Ulipewa kazi?"

"Nilipewa kazi."

"Basi, asante, mmesikia," Ottmar akasema, akaikunja karatasi. Watu wakaanza kupiga makofi. Lakini yule bwana wa glavu akamgusa mkono, akamnong'oneza. Swali moja lilikuwa limerukwa. Ottmar akatikisa kichwa. Bwana akarudia, safari hii wa mbele walisikia. "Muulize kama alipigwa. Ndilo wanaloandika. Muulize."

Ottmar akainuka tena. Alimtazama Ewald kwa macho ya kusihi, na kwa sauti ambayo wa nyuma hawakuipata akasema, "Ulipigwa?"

Kätt alikuwa akisali kwa midomo, sema hapana, sema hapana, sema hapana tu tumalize.

"Wewe uliniosha mgongo jana, Ottmar," alisema Ewald. Hakupandisha sauti. "Waambie wewe."

Mjane Thiel aliacha kufuta glasi. Wanaume wa zamu waliinama wote, kila mmoja akatazama kofia yake. Kama Ottmar angelisema pale lile alilolisugua jana kwa mkono wake, sijui bonde letu lingekuwaje. Pengine vile vile. Bwana wa glavu alikuwa akimtazama yeye sasa, si Ewald, na kwa namna ambayo Ottmar hakuwahi kutazamwa.

"Niliuosha," Ottmar alisema. "Kwa mkono huu. Mgongo wake ni mzima. Hauna kitu."

Makofi yakalipuka. Walipiga walioambiwa, na walipiga walioona, hao wakapiga zaidi. Matz Klein alipiga mpaka kofia ikaanguka. Velten peke yake aliendelea kuikalia mikono yake.

Jumatano Ottmar akatimiza kiapo, hilo lazima nilitaje. Alitoka stesheni na sanduku la Hedwig begani na Trudel amemshika kidole, akawafikisha hadi getini, akaweka sanduku chini. Kätt alimwambia aingie anywe kahawa. Alikataa kwa kichwa, akaenda zake mikono mfukoni. Ewald alitoka mbio bila viatu. Trudel alimfichia uso kwanza, kwa kutomjua, halafu akamjua.

Hedwig alikuwa amechangamka, amechoka lakini amechangamka, na mezani hakunyamaza. "Polisi wenyewe walinisomea, wifi! Gazetini! Mume wako amesema mbele ya watu alikula na akapewa kazi, na shahidi akathibitisha. Nililia kwa furaha. Mwaka mzima nilikuwa nawaza mambo mabaya, usiku nashtuka, na kumbe." Akamfinya Ewald shavu. "Na kumbe mtu anakula."

Ewald akatabasamu. Kätt alisimama, akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Siku tatu mwanamke yule alifurahi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumharibia. Ewald alilala na shati, akasema ni baridi. Jumamosi ilipofika Kätt akaona hili haliwezi kuendelea. Alichemsha maji, akaburuta pipa la kuogea hadi karibu na jiko, akamtuma Velten na Trudel kwa mbuzi. Akamkabidhi wifi yake brashi.

"Huku kwetu mgongo wa mtu huoshwa na mwenzake," alisema. "Ewald hana mwenzake mgodini. Ni wako." Naye akatoka, akafunga mlango, akakaa nje kwenye ngazi.

Alingoja asikie kilio. Hakukuwa na kilio. Alisikia maji yakimwagwa, kisha muda mrefu bila kitu, kisha maji tena. Velten alirudi na mtoto na chupa ya maziwa, wakakaa naye kwenye ngazi. Hatimaye Hedwig alifungua mlango. Mikono ya gauni lake ilikuwa imelowa hadi mabegani, na uso wake ulikuwa umezeeka.

"Yule mwalimu wa gazeti," alimwambia Velten. "Bado anamtaka?"

"Anamtaka. Lakini ni shauri la mwenyewe."

Ewald alikuwa ndani, amejifunika taulo. "Nimeshasema nilikula," alisema. "Ukumbi mzima. Nani ataniamini leo?"

"Usiseme kitu," Hedwig alimjibu. "Wewe geuka tu."

Bwana Lindau alikuja na mpiga picha kabla ya sikukuu ya Barbara, mwanzoni mwa Desemba. Picha ikatoka ukurasa wa kwanza: mgongo, bila uso, bila jina. Mwuza tumbaku aliibandika dirishani mwake kwa siku moja kabla hawajamvunjia kioo. Watu wetu walipita, wakatazama. Imechorwa Paris, walisema. Ni mgongo wa mwizi. Ni wino, hamwoni? Wanaume wa zamu ya Jumamosi walipita pia. Matz Klein aliitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema ni jiwe. Ottmar alipita upande wa pili wa barabara.

Januari tulipiga kura, theluji imefika magotini. Kati ya kila watu kumi, tisa walitaka kurudi. Kengele zililia asubuhi nzima, vijana wakaandamana na mienge, na kwa kina Schorr jiwe likaingia kwa dirisha la jikoni, la kweli hili. Kätt alifagia vioo. "Haya," alisema, "nani alisema nisifunge mizigo?" Walikuwa wanakwenda Forbach, upande wa Wafaransa, wote watano, kwenye mgodi ambamo Velten hakujua mtu yeyote. Alikuwa amechimba Hirzenthal tangu akiwa kijana. Alizunguka nyumba akigusa milango.

Mbuzi hakuweza kuvuka mpaka. Kätt alimfunga kamba, akamvuta hadi mlangoni kwa Finchen, mke wa Ottmar. Bendera mpya ilikuwa ikipepea juu ya dirisha lao, nzuri, ya kitambaa cha ghali.

"Mchukue," alisema. "Anakamuliwa kushoto kwanza. Ukianza kulia anapiga teke."

Finchen alishika kamba, akaona haya. Alitazama nyuma ndani ya nyumba, akamsogelea. "Kätt, nikuulize kitu cha kike. Ottmar wangu siku hizi anarudi mweusi. Tangu mwezi wa kumi na moja. Hataki mtu amguse mgongo, wala hataki kumwosha mtu. Naogopa wamemtenga. Lakini mbona kila mtu anamsifu? Nani hamwoshi?"

Kätt alimtazama. Alikuwa amejiandaa maneno mengi ya kumwambia mwanamke huyu siku moja, na sasa yote yalimwishia nguvu.

"Hakuna aliyemkataa, Finchen," alisema. "Mchemshie maji umwoshe wewe. Ukimaliza, muulize mgongo wa mwisho aliouosha ulikuwaje."

Akarekebisha kilemba, akamkwaruza mbuzi kati ya pembe, akaenda kuwahi gari moshi.